Viini vya Zubeida

Kiini cha yai ukishakitenga na ute wake hakikai. Ukikiacha mezani kinaota ngozi, na ukikiweka kwenye friji, kwa umeme huu wetu wa Mbagala, kesho yake unakutana na harufu. Kwa hiyo lazima ukipatie kazi siku hiyohiyo. Mambo haya nimeyajua kwa Zubeida, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila asubuhi alikuwa anasimama jikoni kwake na bakuli la viini mkononi akiwaza avifanye nini.

Yalianza mumewe alipopelekwa kwenye mashine. Abdulsamad ana duka la rangi na misumari pale Rangi Tatu, alilorithi kwa baba yake, na kama umewahi kupaka rangi nyumba upande huu wa mji basi huenda kopo lako lilitoka kwake. Ni mwanamume mpana, wa sauti kubwa, anayependa watu. Figo zake zilipogoma, hospitali walimwambia atakuwa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu kila wiki, mara kadhaa, maisha yake yote. Wakampa na masharti ya chakula. Maji kwa kipimo, maharage asiyaguse, maziwa asiyaguse, ndizi aziangalie tu. Mayai ale, lakini ute peke yake, kwa sababu ute unamjenga mwili, na kiini kina madini ambayo figo nzima huyatoa na figo zake haziwezi tena. Yanabaki kwenye damu, yanamla taratibu.

Zubeida aliyashika masharti yale kama anavyoshika saumu. Kila asubuhi alipasua mayai, akakipitisha kiini kutoka ganda moja hadi jingine mpaka ute wote ukashuka, akamkaangia mumewe ute ule kwa mafuta kidogo bila chumvi. Chakula cheupe, hakina ladha wala sura. Abdulsamad alikila akitazama pembeni. Na viini vikabaki.

Mwingine angevimwaga, na yakaisha. Mimi ningevimwaga. Lakini Zubeida ni mwanamke ambaye chicha za nazi anasugulia sufuria, mkate mkavu anaugeuza pudini, na maji aliyooshea mchele anamwagilia mchicha wake wa kwenye ndoo. Amelelewa na bibi aliyekuwa akiona tonge limeanguka mkekani anasubiri mpaka mwenye nalo aliokote, alipulize, alile. Kutupa chakula kwao ni israfu, na israfu ina mwenye kuiuliza. Siku moja nilimwambia amwage tu, ana mengi ya kumshughulisha. Akanitazama kama nimemtukana. Alisema kila sala anamwomba Mungu amwachie mume wake, halafu wakati huohuo asimame kwenye karo amwage neema yake?

Basi akahangaika navyo. Alivitia kwenye unga wa chapati, zikatoka ngumu, za manjano, zikamshinda hata paka. Alivichanganya na mafuta ya nazi akampaka binti yake Abrar kichwani, nywele zikang'aa kweli, lakini msichana akarudi kutoka chuoni analia kwamba wenzake wanamkimbia. Alipika kastadi mpaka watoto wangu wakawa wakiona bakuli linapita juu ya ukuta wanajificha. Ndipo akakumbuka vileja. Vileja vya kawaida vinataka yai zima, yeye akajaribu kwa viini vitupu, samli, sukari, iliki na unga wa mchele, akavichoma kwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Vikatoka laini, vinamumunyika vyenyewe mdomoni, harufu ya iliki inafika mpaka kwa muuza genge. Niseme haki: sijala vileja kama vile popote.

Na walaji walikuwepo. Ukiugua Mbagala hukosi watu. Kila baada ya sala ya alasiri wanaume walikuja kumwangalia Abdulsamad, wakakaa naye barazani kwake, lile la saruji linalotazama barabara. Kiongozi wao alikuwa Muntasir, wa duka la mabati, aliyekua naye tangu wanacheza gololi. Wengine walikuwa wenye maduka, mafundi rangi, waswali wenzake wa msikitini. Na wengine, Mungu anisamehe, walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa saa ile ile tumbo linapoanza kudai. Nilikuwa nawaona kutoka kwangu. Mtu anauliza hali huku jicho liko mlangoni.

Zubeida hakai na wanaume. Hajawahi, wala mama yake hakuwahi. Anapanga vileja kwenye sinia, anaweka chupa ya chai na vikombe, anagonga mlango kwa ndani, Abdulsamad anapokea mwenyewe, na yeye anarudi jikoni. Akiwa huko alisikia wanavyocheka, alisikia mumewe anavyosimulia kwa ile sauti yake ya zamani, na sinia likirudi tupu alifurahi. Aliniambia ndiyo saa pekee kwa siku nzima alipojisikia ameshinda kitu. Viini havikutupwa, wageni wamekirimiwa, mume anacheka.

Halafu Abdulsamad akaanza kuwashwa.

Hakikuwa kipele wala upele. Ngozi ilikuwa safi, lakini aliwashwa chini yake, mahali pasipofikiwa na kucha. Alijikuna kwa kitana, akajikuna kwa gunzi la muhindi, akajisugua mgongo kwenye kizingiti cha mlango mpaka damu ikatokeza kwenye fulana. Usiku hakulala, na Zubeida hakulala. Kisha mifupa ya miguu ikaanza kumuuma, akawa anashuka ngazi mbili za baraza kwa kushika ukuta. Huyu mtu aliyekuwa anabeba makopo ya rangi mawili kila mkono.

Kwenye mashine kulikuwa na muuguzi mmoja, Asifiwe, msichana wa Mbeya, mpole lakini hapindi maneno. Alimwita Zubeida pembeni, akamwamkia, akamwambia majibu ya damu yamerudi na yale madini yamepanda vibaya. Akauliza mzee anakula nini. Zubeida akaeleza yote, na alipoulizwa mara ya pili kuhusu mayai alikasirika.

"Mie kiini nakitoa kwa mkono wangu huu," alisema. "Kila siku. Hajagusa kiini tangu mlipomkataza."

"Nakuamini, mama," alisema Asifiwe. "Ila damu haisingizii mtu. Kuna mahali anakipata. Kitafute, kwa sababu akiendelea hivi tutakuja kumsafisha damu huku moyo unasimama."

Zubeida alirudi na maneno hayo amekaa nayo kifuani. Hapo ndipo alipobadilika. Alipekua mifuko ya kanzu, akanusa mashati, akatazama chini ya godoro kama anatafuta bangi. Alimbana Abrar amwambie ukweli kama anamletea baba yake chipsi mayai. Msichana akaapa. Akamgeukia Muntasir, akamtumia mkewe ujumbe kwamba kama kuna mtu anamletea mgonjwa mayai ya kuchemsha kutoka stendi, basi ajue anamletea sanda. Mke wa Muntasir alinuna mwezi mzima. Jioni ile Zubeida akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema mtu ndani ya nyumba yake anamuua mume wake na yeye hamwoni.

Nikamwambia aje aangalie. Veranda yangu inatazama baraza lao, na kamba yangu ya nguo haikosi khanga. Alasiri ya siku ya pili yake akaondoka jikoni kwake akiwa ameshaacha sinia mlangoni, akapita uani, akaja kukaa nami nyuma ya khanga. Tulikuwa tunamsubiri mwenye yai.

Abdulsamad alitoka na sinia, akaliweka juu ya stuli katikati ya wageni. Akachukua kileja, akakivunja, akatia mdomoni, akasema, "Bismillahi, karibuni." Hapo ndipo mikono ya wengine iliponyooka. Ndivyo wanavyofanya watu wa nyumba zile. Mgeni haachwi ale peke yake, na mwenye nyumba ndiye anayefungua. Tukaendelea kutazama. Akaja fundi mmoja amechelewa, akasalimia, akakaa. Abdulsamad akachukua kingine, akala naye. Akaja mwingine kutoka msikitini, akala naye huyo pia. Kila aliyefika alikaribishwa kwa kileja na funda la chai, na siku ile walikuwa wengi.

Mimi nilielewa kabla yake, nikaogopa kumtazama. Alipoelewa hakulia. Aliteleza kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mie ndiye ninayemuua," alisema. "Asubuhi namtolea, jioni nampikia."

Alikuwa anasema kweli.

Wageni walipoondoka alimkabili mumewe, na mazungumzo yale alinisimulia kesho yake akiwa amevimba macho. Alimweleza kila kitu, akimwomba msamaha, akidhani anamfunulia siri. Abdulsamad alimsikiliza mpaka mwisho huku anajikuna mkono. Kisha akamwambia kwamba alijua. Kileja cha kwanza kabisa kilipogusa ulimi alijua ni kiini kitupu, maana mtu aliyenyimwa kitu haipotezi ladha yake. Zubeida akamuuliza kwa nini basi alikuwa anakula. Jibu lake alilirudia kwangu neno kwa neno.

"Siku nzima mie mgonjwa, Zubeida. Nachomwa, napimwa, nalishwa vyeupe. Nikishika kile kileja nikawakaribisha watu, ndiyo saa moja niliyobaki nayo ya kuwa mwenye nyumba. Unataka na hiyo uichukue?"

Naye akaichukua. Ningemlaumu kama ningekuwa na moyo. Siku iliyofuata alisimama kwenye karo na bakuli la viini, akavimwaga, akafungulia maji, akatoka jikoni mbio kama ameiba. Aliacha kuchoma vileja. Alifikiria kutoa biskuti za dukani, au mkate mtupu, lakini Asifiwe aliposikia habari yote alisema tatizo si viini peke yake. Ni kile kula kusikopimwa, na ni ile chai, maana funda la kila mgeni ni maji, na maji yana pa kuingia, hayana pa kutokea. Chochote kitakachowekwa kwenye sinia, Abdulsamad atakila na wageni. Kwa hiyo sinia lenyewe likaondoka.

Wageni walikuja bado, siku za mwanzo. Walikaa kwenye baraza kavu, wakaulizana hali, wakatazama barabara. Abdulsamad alikuwa anageuza macho mlangoni, halafu anayarudisha haraka, na mimi nikiwa hapo kwangu nilitamani kutoka na chupa yangu ya chai. Aibu ilikuwa inamla kuliko yale madini. Wale wa njaa walikatika kwanza, hao sikuwasikitikia. Lakini baadaye yeye mwenyewe alimwambia Muntasir awaambie watu wasijisumbue, amechoka, anapumzika. Baraza likabaki tupu, mbuzi wa jirani wakalala juu yake.

Majibu ya damu yakashuka. Asifiwe alifurahi, akampongeza Zubeida mbele ya wagonjwa wengine. Muwasho ukapungua. Na Abdulsamad akaacha kusema. Alilala akiutazama ukuta, akiletewa ute anakula, asipoletewa haulizi. Zubeida alikuwa anakuja kwangu kunisimulia majibu ya damu kwa sauti ya furaha, halafu katikati ya sentensi machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya mtandio, anaendelea.

Kisha ikafika siku ya mashine, bajaji ikapiga honi nje, na Abdulsamad akasema haendi.

Zubeida alidhani ni uchovu wa siku moja. Lakini siku nyingine ya mashine nayo bajaji ikaja, ikangoja, ikaondoka tupu. Uso wake ulivimba mpaka macho yakawa vijistari. Miguu ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akawa hawezi kulala chali kwa sababu pumzi inakatika, anakaa kitandani ameegemea mito, anavuta hewa kwa mdomo, na kila mvuto nausikia mimi upande wangu wa ukuta. Abrar alipiga magoti, Imamu alikuja, Muntasir alikuja akatoka anafuta macho kwa kofia. Kila mmoja alijibiwa kwa kutikiswa kichwa. Nami niliingia, nikamwamkia, nikamsihi. Akanishukuru kwa adabu, akafumba macho.

Zubeida alikuwa amemshika miguu ile iliyovimba. Hakuwa na aibu tena kwamba mimi nipo. Alimwambia aseme anachotaka, chochote, atampa. Abdulsamad alikusanya pumzi muda mrefu.

"Nirudishie baraza langu," alisema. "Watu na sinia. Kama zamani."

"Utapata," alisema Zubeida. "Watu na sinia. Panda bajaji."

Akapanda. Kusema kweli tulimbeba, Muntasir kwapa moja, dereva kwapa jingine. Walimsafisha damu siku hiyo na ya pili yake mfululizo, wakamrudisha amekonda, sura imerudi, anauliza leo siku gani. Kitu cha kwanza alichomwambia mkewe ni kwamba ahadi ni ahadi. Zubeida akamwambia hajasahau.

Alitenga mayai asubuhi, akampa ute wake, na viini hakuvimwaga. Mchana nikasikia harufu ya iliki juu ya ukuta. Nilifurahi na nikatishika pamoja. Nilijiambia basi ameshindwa, amechagua mume anayecheka kwa muda mfupi kuliko mume anayenyamaza kwa muda mrefu, na nani angemhukumu. Muntasir alipita kuwaita watu, baada ya alasiri wakaja, wamevaa vizuri kama wanakuja arusini. Abdulsamad alitoka taratibu, amevaa kanzu yake nyeupe na kofia, akakaa mahali pake. Sauti ilikuwa bado dhaifu, lakini alishaanza kumtania mmoja wao kuhusu kitambi.

Mlango ukafunguka bila kugongwa. Zubeida akatoka na sinia. Alikuwa amevaa baibui, mtandio ameubana chini ya kidevu. Wanaume walisogeza miguu wakidhani ataliweka kwenye stuli na kurudi ndani. Aliliweka. Kisha akakaa barazani, palepale katikati ya mumewe na sinia, bega lake likamgusa Muntasir kwa jinsi pasivyokuwa na nafasi. Muntasir alisimama kwa mshangao, akakaa tena mbali kidogo. Mimi, nyuma ya khanga zangu, nilisogea karibu na kamba.

Abdulsamad alinyoosha mkono kuchukua kileja. Zubeida akalisogeza sinia upande wa pili. Akachukua kimoja yeye mwenyewe, akakivunja, makombo yakaanguka kwenye baibui.

"Bismillahi," alisema. "Karibuni."

Akala. Wageni hawakunyoosha mikono. Walikuwa wanamtazama mwenye nyumba wao, naye alikuwa anautazama mkono wake uliobaki hewani, kisha akaurudisha pajani. Uso ulimwiva. Nimemjua miaka mingi na sijawahi kumwona amefedheheshwa vile, mbele ya watu wale wale aliokubali kuishi kwa ajili yao.

"Umeshanizika, Zubeida," alisema. Hakupaza sauti. "Na matanga umekaa mwenyewe."

Mdomo wa Zubeida ulikuwa bado umejaa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Alitafuna mpaka akameza, akamgeukia mumewe mbele ya wanaume wote wale.

"Nichukie, Baba Abrar," alisema. "Nichukie mpaka uchoke, lakini nichukie ukiwa hai."

Muntasir alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Yule fundi wa kuchelewa alikuwa ndiyo kwanza anafika, anasalimia, anatafuta pa kukaa, na Zubeida akachukua kileja cha pili akala naye.